Swali Hupimwa Kabla ya Mgonjwa

Chukua swali hili: katika mwezi uliopita, umesumbuliwa kiasi gani na ndoto mbaya zinazojirudia kuhusu lile jambo? Msomaji wa haraka halioni tatizo lake. Mpe mtu aliyezoea kazi ya kupima hojaji za kiwewe hapa pwani ya Kenya, atakaa nalo asubuhi nzima.

Ataanza na "mwezi uliopita". Ikiwa leo ni tarehe 20 Juni, mwezi uliopita ni Mei, au ni siku 30 zinazoishia leo? Hojaji inataka siku 30. Mama aliyetoka Ganze kwa matatu ya alfajiri atajibu habari za Mei, kwa sababu ndivyo Kiswahili chake kinavyomwambia, na jinamizi la juzi litabaki nje ya hesabu. Kisha mpimaji atafika kwenye ndoto, na hapo ndipo atakapotua kalamu. Kwa Wagiriama, koma, yaani roho za waliotangulia, huja ndotoni kudai haki zao, na vigango vingi, yaani nguzo za ukumbusho, vya wazee wa chama cha Gohu vimechongwa na kusimamishwa baada ya ndoto za namna hiyo. Mtu aliyemwota marehemu babake mara tatu huenda hana ugonjwa wowote. Ameletewa ujumbe, na anajua amwendee nani. Mwingine naye amemwota babake mara tatu, na kila mara anaamka jasho likimtiririka, amerudi palepale barabarani ajali ilipotokea. Wote wawili watajibu ndiyo. Karatasi haitajua tofauti yao mpaka mtu aitengeneze ijue.

Naipenda kazi hii kwa sababu fundi wake hulishuku swali kabla ya kumshuku anayeulizwa. Wengi wetu hufanya kinyume: jibu likitoka vibaya, tunasema mgonjwa hakuelewa.

Msongo wa baada ya kiwewe uliingia rasmi katika kitabu cha magonjwa ya akili cha madaktari wa Marekani mwaka 1980, kwa sehemu kubwa kutokana na mateso ya wanajeshi waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Hojaji inayotumika sana leo, PCL-5, ilifuata toleo la 2013 la kitabu hicho. Ina maswali 20, kila moja likipewa alama kuanzia 0 hadi 4, hivyo jumla haivuki 80. Huko ilikotungwa, mtu akifika kwenye alama 31 au 33 hivi, daktari humwita wazungumze kwa kina. Lakini namba hiyo imetokana na watu wa kule, hasa maveterani. Hakuna sheria ya maumbile inayosema mvuvi wa Ngomeni atavuka mpaka huohuo.

Wapo walioliona hili mapema. Harvard Trauma Questionnaire ya mwaka 1992 iliandaliwa kwa ajili ya wakimbizi wa Indochina, na pamoja na dalili za kitabu iliongezewa dalili nyingine zilizotokana na maisha ya wakimbizi wenyewe. Nchini Rwanda kuna neno ihahamuka, lililobeba picha ya mtu aliyeishiwa pumzi. Anayetaka kuwapima watu wa huko lazima aulize habari za kifua, hata kama kitabu cha Marekani hakikukitaja. Na sisi je? Tunasema kiwewe. Ni neno zuri, lakini sikiliza linavyotumika mitaani: "alishikwa na kiwewe" ni mtu aliyechanganyikiwa muda uleule wa tukio, kisha akatulia. Aliyefiwa miaka miwili iliyopita na bado hawezi kupita njia ile, hasemi ana kiwewe. Atakuambia anafikiria sana, moyo unamwenda mbio, usingizi umekatika. Fundi huanza na maneno hayo, na kiwewe hukiacha kwenye jalada la ripoti.

Kilifi ina desturi ya kazi hii. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kimekuwapo mjini tangu 1989, kando ya hospitali ya kaunti, na huko ndiko Amina Abubakar na wenzake walikotoa mwaka 2008 matokeo ya kipimo cha ukuaji wa watoto wadogo kinachoitwa Kilifi Developmental Inventory, kilichoandaliwa kwa mazingira haya. Mwaka 2020 Moses Nyongesa, Abubakar na wenzao wakachapisha uchunguzi wa toleo la Kiswahili la GAD-7, hojaji fupi ya wasiwasi, kwa watu wazima wa Kilifi wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Kilifi pia ilikuwa miongoni mwa vituo vya NeuroGAP-Psychosis, utafiti wa magonjwa makali ya akili katika Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini, ambamo wagonjwa na wasio wagonjwa waliulizwa kwa orodha ya matukio 17 ya kutisha: moto, ajali, kupigwa, kifo cha ghafla. Baadaye watafiti waliirudia orodha yenyewe na kuipima kama inafanya kazi sawasawa katika nchi zote nne. Orodha iliyouliza ikageuka kuulizwa.

Tafsiri ndiyo hatua ya kwanza, nayo ina mtego mkubwa. Utaratibu uliozoeleka ni watu wawili kutafsiri kila mmoja peke yake, kisha wakae walinganishe. Halafu mtu wa tatu, ambaye hajaona Kiingereza cha mwanzo, airudishe tafsiri hiyo kwenye Kiingereza. Ikirudi jinsi ilivyotoka, watu hushangilia. Mimi sishangilii haraka. "Kufa ganzi kihisia" litaenda na kurudi salama salimini, kwa sababu waliolipeleka na aliyelirudisha wote wamesoma chuo kikuu. Mzee wa Bamba akiulizwa hivyo atakunyooshea mguu wake wa kushoto.

Ndiyo maana moyo wa kazi ni hatua inayofuata, ambayo haina mbwembwe. Mhoji anakaa na mtu chini ya mkilifi nje ya kliniki, anamsomea swali, anapokea jibu, halafu anaongeza: hebu niambie kwa maneno yako, nimekuuliza nini? Hapo ndipo Kiswahili kinapoonyesha meno yake. Muulize mtu, "Je, hulali vizuri?" Akijibu "ndiyo", amekubali kwamba halali. Karani aliyezoea Kiingereza anaweza kuandika kwamba analala. Kwa hiyo maswali ya kukanusha hugeuzwa yote, moja baada ya jingine. Muulize mvuvi wa Mayungu kama siku hizi anajiingiza katika mambo ya hatari; atakujibu kwamba kusi limeanza na watoto wanataka kula. Jibu lake ni la kweli kabisa, ila halihusu ugonjwa. Swali lake linapaswa kutafuta hatari aliyoizidisha: kama anatoka siku ambazo wenzake wote wamevuta vyombo mchangani.

Vipimo vya ukali wa dalili navyo vina yake. Kiingereza kinapanga ngazi tano, na ngazi ya tatu na ya nne zimebanana. Sisi tuna kidogo, kiasi, sana, mno, lakini "kiasi" kwa wengine ni kidogo, na kwa wengine ni sawasawa tu. Wapo mafundi wanaotumia picha za glasi: tupu, robo, nusu, karibu kujaa, imejaa. Mgonjwa anaweka kidole. Nimeona watu wazima wakiitazama glasi ya nne kwa muda mrefu kabla ya kuigusa, na ninaamini kidole hicho kuliko neno lolote.

Baada ya hapo zinakuja hesabu. Kipimo cha Cronbach, kilichotangazwa mwaka 1951, huonyesha kama maswali yanakubaliana, lakini maswali 20 yanaweza kukubaliana vizuri na yote yakawa yanapima njaa. Mhojiwa huulizwa tena baada ya wiki mbili hivi, kuona kama jibu limesimama. Kisha daktari wa akili, asiyejua alama za mtu, hukaa naye kwa mahojiano marefu na kutoa uamuzi wake, na hapo ndipo mpaka wa alama unapotafutwa. Wavuvi wanalijua suala hili bila kufundishwa: wavu wa macho madogo huzoa hadi watoto wa samaki, wavu wa macho makubwa mno huwaachia hata wakubwa wapite. Ukiuweka mpaka chini, kliniki yenye muuguzi mmoja itafurika watu ambao wana huzuni ya kawaida. Ukiupandisha, yule anayehitaji msaada atarudishwa nyumbani na karatasi inayosema yuko sawa.

Umuhimu wa uamuzi huo hatuusomi vitabuni tu. Tangu Aprili 2023 msitu wa Shakahola, walikofia waumini waliofunga kula, ulipoanza kufukuliwa, zaidi ya miili 400 ilitolewa ardhini, na hospitali ya Malindi ikawa mahali pa jamaa kuja kutafuta watu wao na kutoa sampuli za vinasaba. Wapo walionusurika, wapo waliochimba, wapo waliosubiri majina kwenye hema la Msalaba Mwekundu. Mmoja wao anapokaa mbele ya muuguzi na kuulizwa kama anaepuka kumbukumbu za tukio, swali lazima liwe limeshakaguliwa kwa watu wengine waliokuwa na nafasi ya kulikataa. Na fundi mwema ameshaandika, juu ya ukurasa wa kwanza, lini mhoji anyamaze, afunge karatasi, na mtu gani aitwe.

Basi turudi kwenye ile ndoto. Baada ya asubuhi nzima, maneno mengi yamekatwa na karatasi imejaa mishale. Lililobaki ni hili: "Tangu mwezi jana tarehe kama ya leo hadi leo, umeamshwa mara ngapi na ndoto iliyokurudisha kwenye lile jambo, ukaogopa kana kwamba linatokea tena?" Ni refu zaidi. Neno "kuamshwa" bado linamtia wasiwasi, maana yupo anayeota vibaya bila kuamka, na mkewe ndiye anayejua. Amelizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Jumatatu atalipeleka kwa mtu mwingine.