Chujio la Jua

Saa sita mchana hapa Gitega, Kigali, mwezi Machi, kivuli cha mtu hujificha chini ya nyayo zake. Jiji hili liko takriban nyuzi 2 kusini mwa Ikweta, na jua hutusimamia utosini. Anayelielekezea darubini ameshika moto: lenzi ya milimita 100 hukusanya mwanga mara 2,500 ya ule unaoingia kwenye mboni iliyojifinya hadi milimita 2. Tena retina haihisi maumivu. Jicho huungua kimya.

Ndiyo maana nawaheshimu sana wanaojua kuchagua chujio. Kazi yao huanza kwa kukataa. Hukataa kioo kilichofukizwa moshi, filamu ya eksirei, sidii, na lile beseni la maji ambalo wengi wetu tuliambiwa utotoni tulitazamie jua. Vitu hivi hutia giza, na giza hudanganya: mboni hutanuka huku miali isiyoonekana ikipenya. Hukataa hata miwani ya karatasi ya kutazamia kupatwa kwa jua, kwani mwanga uliokusanywa na darubini huitoboa. Na kile kioo cheusi kidogo cha kufungwa kwenye lenzi ya kutazamia, kilichokuja na darubini nyingi za bei nafuu, hupasuka kwa joto. Kitupeni.

Chujio la kweli hukaa mbele, kwenye mdomo wa darubini. Utando wa AstroSolar wa kampuni ya Baader ya Ujerumani, wa namba 5, hupitisha sehemu 1 tu kati ya 100,000. Upo wa namba 3.8, unaofanana nao mno, lakini huo ni wa kamera. Mjuzi husoma namba mara mbili, huuinua utando kwenye taa kali kutafuta tundu la sindano, huufunga upepo usiung'oe, kisha huziba darubini ndogo ya kulengea, ambayo wengi huisahau.

Vioo vingine hulipaka jua rangi ya chungwa. Mimi naupenda utando, kwa kuwa hulionyesha jeupe, lilivyo hasa, na madoa yake ambayo mengine yangeimeza dunia nzima.

Tarehe 1 Septemba 2016, lilipopatwa na mwezi, jua lilikuwa pete kule Rujewa, Mbeya, Tanzania. Kigali tuliliona limemegwa tu. Pete haimruhusu mtu kuondoa chujio hata sekunde moja. Nyingine itapita Zambia, Kongo na Tanzania tarehe 21 Mei 2031. Mwenye darubini aanze kutafuta chujio lake sasa.