Kinyaa si Hukumu

Ukitaka kujua rafiki yako ni msomaji wa aina gani, mpe Shiver ya Junji Ito, kisha usimuulize kama ameipenda. Muulize aliishia hadithi gani. Wengi watakutajia "Greased", ile ya mafuta na chunusi. Wapo waliokifunga kitabu hapohapo. Wapo walioimaliza kwa jicho moja, na tangu siku hiyo wanamsimulia kila anayekubali kusikiliza, hasa wakati wa kula.

Shiver ni mkusanyiko wa hadithi tisa za picha ambazo Ito alizichagua mwenyewe kutoka kazi zake za miaka mingi. Toleo la Kiingereza lilitoka mwaka 2017, na kila hadithi ina maelezo mafupi ya mwandishi kuhusu ilikotoka. Ito alizaliwa Gifu, Japani, mwaka 1963, na alifanya kazi ya ufundi wa meno kabla ya kuanza kuishi kwa kalamu. Ukikitazama kinywa chochote alichokichora, utaamini bila kuambiwa mara mbili.

Malalamiko ya wasomaji wake ni yaleyale popote utakapowakuta: hadithi zinatia kinyaa, zinachekesha pale zinapotaka kutisha, na hazina maana. Mtu akishasema mojawapo, hujiona amemaliza uhakiki. Mimi naona hapo ndipo uhakiki unapoanza.

Tuanze na kinyaa. Katika "Greased", msichana aitwaye Yui anaishi juu ya mgahawa wa familia unaouza nyama ya kuchoma. Mvuke wa mafuta unapanda, unaganda ukutani, sakafuni, kwenye nywele, kwenye shuka. Kaka yake, Goro, anakunywa mafuta kama maji. Uso wake unafura chunusi, kisha anamshika dada yake na kuzitumbua juu yake. Ito hachori tukio hilo kwa mbali. Analipa nafasi na anachora kila tundu la ngozi.

Ni kinyaa, sikatai. Lakini jiulize kimekugusa wapi. Yui ni mtoto, hawezi kupanga chumba kwingine. Mafuta yanayomlisha ndiyo yanayomfunika, na anayemwonea analala chini ya paa lilelile. Aliyekulia nyuma ya kibanda cha chipsi anaijua harufu inayobaki kwenye sare ya shule hata baada ya kufuliwa, na anajua aibu yake. Ito ameichukua aibu hiyo ya nyumbani, ambayo mtu haisemi mbele ya wageni, akaimwaga kwenye karatasi. Ukiondoa chunusi, inabaki hadithi ya mtoto asiye na pa kwenda. Ndiyo maana haitoki kichwani. Picha ya usaha peke yake ingekuwa imesahaulika kufikia asubuhi.

Kicheko nacho kina kisa chake. Katika "Hanging Blimp" vichwa vikubwa kama maputo vinaelea angani, kila kimoja kikiwa na sura ya mtu aliye hai na kitanzi kinachoning'inia chini yake. Kila kichwa kinamwinda mwenye sura yake. Ukiieleza hivi kwa mdomo, watu wanacheka, na wana haki, kwa sababu ni wazo la kipuuzi. Ila Ito ameliwekea sharti moja: ukilitoboa puto, mwenye sura hiyo anakufa papo hapo. Hakuna kupigana wala shujaa mwenye bunduki, maana bunduki inamuua yuleyule unayetaka kumwokoa. Kicheko kinakatika taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, na ukigutuka umeshaanza kuwahesabu waliobaki.

Kwa hiyo kucheka si dalili kwamba mwandishi ameshindwa. Kutisha na kuchekesha ni majirani wanaotumia ua mmoja.

Kuna hadithi moja, hata hivyo, ambayo kicheko chake kinanikera. "Fashion Model" inamhusu Fuchi, mwanamitindo mrefu mwenye uso mrefu na meno kama ya papa. Vijana wanaotengeneza filamu wanamwajiri, na mambo yanaishia kwenye damu. Wasomaji wanampenda kwa namna yao: picha yake inatumwa huku na kule kama utani. Lakini angalia hadithi inavyojengwa. Kijana Iwasaki anamwona kwenye jarida na kukosa amani kabla mwanamke huyo hajamgusa yeyote. Kosa lake la kwanza ni sura. Baadaye anakula watu kweli, na kwa kufanya hivyo hadithi inampa haki kila aliyemhukumu kwa uso wake. Katika "Greased" hofu inamsogelea aliyeonewa, tukaona anachokiona. Hapa inasimama na wanaonyoosha kidole, na nusu ya kucheka kwetu ni kule kuchekana kwa darasani kunakomfuata msichana aliyezidi wenzake urefu.

Lawama hiyo haiangukii kila mwanamke wa Ito. "Painter" ni kisa cha Tomie, msichana ambaye wanaume wanampenda hadi kumuua na kumkatakata, naye anaota upya. Wasomaji wengine wanaiona ni chuki kwa wanawake iliyochorwa vizuri. Nawaelewa, ingawa siafikiani nao. Mchoraji anaamini anautafuta uzuri. Ito anatuonyesha kwamba alichokuwa akitafuta ni kummiliki mtu, na akikikosa anashika silaha. Ukatili umebaki kwa mwenyewe.

Lalamiko la tatu, kwamba hadithi hazina maana, ndilo linalotuhusu zaidi sisi tuliosomeshwa fasihi ya Kiswahili. Tulifunzwa kukisaka kitabu dhamira, ujumbe na funzo, na mtihani ulitudai tuorodheshe. Tumetoka shuleni na tabia hiyo. Tukimkuta Ito tunauliza: Yui amefanya kosa gani? Maputo yametumwa na nani? Ito hajibu. Hakuna mganga anayekuja kufichua mchawi, wala mzee anayesema mwiko uliovunjwa.

Ukimya huo unaudhi, na ninadhani ndio ukweli mkubwa wa kitabu hiki. Funzo, hata likiwa kali, hutufariji: aliyeadhibiwa alikosea, kwa hiyo mimi nisiyekosea niko salama. Ito anaiondoa faraja hiyo. Mtu mwenye kansa hakuvunja mwiko. Mtoto anayepigwa kwao hakuchagua nyumba.

Ndiyo maana ningemwomba kila aliyeishia kwenye "Greased" arudi kwenye "The Long Dream". Haina usaha. Mgonjwa aitwaye Mukoda analala usiku mmoja na ndotoni anaishi siku nzima, baadaye miezi, miaka, karne. Kila asubuhi anaamka akiwa mbali zaidi na walio kando ya kitanda chake. Katika hospitali hiyohiyo kuna msichana anayeogopa kufa, na daktari anayewatibu wote wawili anaanza kuwaza kwamba ugonjwa wa mmoja ungeweza kuwa dawa ya mwingine. Hadithi haituambii kama wazo lake ni huruma au ukatili.

Sijasikia mtu akisema hadithi hiyo ilimtia kichefuchefu. Nimesikia wakisema waliogopa kuzima taa, na kwamba walijiuliza kama wao wangelikubali toleo la daktari. Hilo ni swali la kubishania usiku kucha, na kitabu kinacholiuliza hakistahili kuhukumiwa kwa chunusi za Goro.