DC Geita, Geita DC

Andika "DC Geita" na msomaji yeyote wa magazeti Kanda ya Ziwa atajua umemtaja mtu: mkuu wa wilaya, mteule wa Rais. Pindua maneno, andika "Geita DC", na mtu huyo katoweka. Imebaki halmashauri ya wilaya, yenye madiwani wake, mkurugenzi wake na magari yake. Hakuna herufi iliyobadilika. Kilichobadilika ni mpangilio, na kila mpangilio umetoka katika sarufi yake. "DC Geita" ni Kiswahili: nomino imetangulia, mahali pamefuata, na "wa" imemezwa na haraka ya mwandishi wa vichwa vya habari. "Geita DC" ni Kiingereza kitupu, kilichoingia ofisini na mihuri yake na hakijatoka.

Kahama nako hivyo hivyo. Ilipotangazwa kuwa manispaa Januari 2021, ikaanza kuandikwa "Kahama MC". Ole wake atakayeandika "MC Kahama": huyo ni mshereheshaji, kipaza sauti mkononi, anawaita maharusi waingie ukumbini.

Ndiyo maana orodha ya virefu vya vifupisho haimsaidii sana mhakiki. Orodha hukupa maana zote kwa pamoja, ilhali sentensi huhitaji moja tu, na kazi ya kuichagua hufanywa na vijineno ambavyo hakuna anayevitazama: kiambishi cha ngeli, a-unganifu, wingi. "DC amekataa" ni mtu. "DC imekataa" ni kikao cha madiwani. Silabi moja imetenganisha serikali kuu na serikali za mitaa.

Mfano mnono zaidi ni RC. Geita kuna RC tatu, na kila moja ilikuja kwa wakati wake. Ya kwanza ni ya Kanisa: Jimbo Katoliki la Geita liliundwa 1984, na waumini hujitambulisha kwa herufi hizo mbele ya majirani zao wa kanisa la AIC. Ya pili ililetwa na kampuni za utafiti wa dhahabu miaka ya 1990, kabla mgodi wa GGM haujafunguliwa 2000. Hiyo ni namna ya kuchoronga: hewa yenye shinikizo hushuka ndani ya bomba lenye kuta mbili, kisha huchukua vipande vya mwamba na kuvipandisha juu kwa njia ya katikati, vikusanywe mita kwa mita na kupelekwa maabara. Ya tatu, mkuu wa mkoa, ndiyo changa kuliko zote, kwa sababu mkoa wenyewe ulizaliwa 2012. Kabla ya hapo Geita ilikuwa wilaya ya Mwanza na mkuu wa mkoa alikaa ng'ambo ya ghuba.

Sasa zisome ndani ya sentensi. "RC amefika." "Parokia ya RC." "Mashimo ya RC." Hakuna atakayedhani mkuu wa mkoa amechimba mashimo. Lakini weka "ni", kitenzi kisichobeba ngeli yoyote: "Yule mgeni ni RC." Hapo lugha imekuachia mkono. Huenda ni mkuu wa mkoa, huenda ni Mkatoliki, na huenda ni vyote viwili kwa pamoja. Msikilizaji atatazama gari alilokuja nalo, au atauliza. Udhaifu huo naupenda, maana unaonyesha mzigo ambao viambishi vimekuwa vikiubeba kimyakimya siku zote.

Nisiloweza kulipenda ni VAT. Kwa mfanyabiashara wa Shinyanga mjini, VAT ni kodi ya ongezeko la thamani. Kwa mchenjuaji wa Kakola au Nyarugusu, VAT ni tenki kubwa la kuchenjulia marudio, yaani mchanga uliokwisha kupita kwenye karasha na kuoshwa mwaloni. Humwagiwa maji yenye sianidi, dhahabu ikayeyuka, maji yakapitishwa kwenye kaboni, na kaboni ikapelekwa kwenye elusheni kuvuliwa dhahabu hiyo. Umbo linaloziokoa hapa ni wingi: mtu anaweza kuwa na VAT tatu za marudio, lakini hakuna anayelipa VAT tatu. Mwondolee wingi huo msomaji, naye amepotea. Chukua mfano: Februari 2019 Bunge liliwaondolea wachimbaji wadogo VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. "VAT zaondolewa" na "VAT yaondolewa" ni habari mbili: ya kwanza inamfilisi mchenjuaji, ya pili inamfurahisha.

Tena VAT ya tenki si kifupisho hata kidogo. Ni neno la kawaida la Kiingereza lenye maana ya pipa kubwa, likavishwa herufi kubwa na nyaraka za ofisi, hadi likaonekana lina kirefu chake mahali fulani. Halina. RC na DC zina haki ya kugombania herufi zao. Hili limevaa sare isiyo yake.

Basi wahariri wa habari za Geita na Kahama, na maofisa mnaobandika matangazo: rudisheni "wa" na "ya" kwenye vichwa vyenu, nafasi haitaisha. Na tenki liandikwe tenki.