Ramani ya Mpunga, Kinga ya Ngano

Unga unaokandwa alfajiri kwa chapati na maandazi pale Mchikichini, kwa sehemu kubwa, ni ngano iliyovuka bahari. Kutu ya shina, ugonjwa wa ngano unaoletwa na kuvu, ikifyeka mashamba ya mbali, bei hupanda hapa Ilala. Mwaka 1998, nchini Uganda, ilionekana kutu iliyoishinda Sr31, jeni iliyotegemewa na aina nyingi za ngano duniani. Ikaitwa Ug99, na kufikia 2009 ilishafika Tanzania.

Jeni ya kuizuia, Sr35, ilitoka katika ngano ya kale, Triticum monococcum, na ikatangazwa 2013. Jenomu ya ngano ya mkate ina herufi za DNA bilioni 16 hivi, zaidi ya asilimia 80 zikiwa marudio, na ramani yake kamili haikutoka hadi 2018. Kwa hiyo watafiti wakaazima ramani za jamaa zake: mpunga, wenye herufi kama milioni 400, na nyasi ndogo ya Brachypodium, yenye milioni 272. Mpunga haushikwi na kutu, lakini babu wao ni mmoja.

Kazi ilianza na mimea yenyewe. Ngano yenye kinga ilichavushwa na isiyo nayo, wajukuu wakaambukizwa kutu, kisha zikatafutwa alama za DNA zinazoandamana na kinga. Zikaelekeza mkono mrefu wa kromosomu ya 3, ambako jeni zimejipanga karibu sawa na zile za kromosomu ya 1 ya mpunga. Kila jeni iliyosomwa kwa mpunga au Brachypodium ikawa chanzo cha alama mpya ya kupimia ngano, na eneo likazidi kubanwa.

Hapo ndipo msaada wa jamaa ulipoishia. Ni kama kuelekezwa duka Kariakoo kwa ramani ya miaka ya nyuma: Msimbazi na Mtaa wa Swahili vipo palepale, ila fremu imeshabadilisha wapangaji. Jeni za kinga hujirudufu na kufutika upesi mno kwa sababu zinapambana na vimelea vinavyobadilika. Waliotafuta Rpg1, jeni ya shayiri inayozuia kutu, waliongozwa vizuri na mpunga hadi mlangoni, wakakuta jeni yenyewe haimo. Ilipatikana 2002, ndani ya shayiri.

Kwa Sr35 ilibidi isomwe DNA ya ile ngano ya kale yenyewe. Eneo lilikuwa na jeni kadhaa za familia moja, kila moja ikifaa kushukiwa. Mbegu zikatibiwa kwa kemikali inayoharibu DNA, ikachukuliwa mimea iliyopoteza kinga: yote ilikuwa na hitilafu kwenye jeni ileile. Ikapandikizwa katika ngano dhaifu, nayo ikahimili Ug99. Kwangu huo ndio ushahidi. Kulinganisha jenomu kulipunguza tu washukiwa.

Mwaka 2017 ikajulikana Sr35 inatambua protini gani ya kuvu. Baadhi ya aina za kutu zilishaikwepa: kipande cha DNA kinachohamahama kiliingia katikati ya jeni ya protini hiyo na kuivunja. Ndiyo maana wazalishaji wa mbegu wanataka Sr35 iunganishwe na jeni nyingine, si peke yake.