Butura ya Serengeti Boys

Msomaji asiyetoka Kagera huenda halijui neno butura, na kwa kuwa nitalitumia, heri nianze nalo. Mkulima wa kahawa wa Karagwe au Kyerwa akibanwa na shida, iwe ada ya shule au mgonjwa ndani ya nyumba, humwendea mwenye fedha na kumwuzia kahawa ambayo bado ni ua, au ni punje changa za kijani mtini. Bei huwa ya kutupa. Msimu ukifika, mnunuzi huja kuchukua mzigo wake, na mwenye shamba husimama kando akitazama jasho lake likipakiwa. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo mara nyingi, nayo haijafa, kwa sababu shida haingoji msimu.

Neno hilo limenijia kila nilipojaribu kuandika juu ya vijana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Boys, na fainali zao za Afrika za mwaka 2019. Nimeahirisha kuandika kwa miaka kadhaa. Mwanzoni nilidhani ni kwa sababu ya uchungu wa kufungwa. Baadaye nilitambua kwamba nilikuwa nakwepa habari yangu mwenyewe.

Habari ya timu ni fupi. Fainali zilichezwa Dar es Salaam, nasi kwa kuwa wenyeji hatukulazimika kufuzu. Timu zilikuwa nane katika makundi mawili, na mbili za juu za kila kundi zilikuwa na ahadi ya kwenda Kombe la Dunia la vijana nchini Brazili mwaka huohuo. Tarehe 14 Aprili tulifungwa na Nigeria 5-4. Tarehe 17 tukafungwa na Uganda 3-0. Tarehe 20, Jumamosi ya mkesha wa Pasaka, Angola wakatufunga 4-2. Michezo mitatu, mabao 6 ya kufunga, mabao 12 ya kufungwa, pointi hakuna. Kombe lilikwenda kwa Kameruni, walioishinda Guinea kwa penalti baada ya muda wote kwisha bila bao.

Mtu akizisoma namba hizo atasema ulinzi ulikuwa mbovu, na hatakosea. Timu iliyofunga mabao manne siku ya kwanza haikukosa washambuliaji. Lakini mimi naona mchezo ule wa Nigeria una somo zaidi ya hilo. Vijana walikwenda mapumziko wakiwa nyuma 3-1. Waliporudi walicheza kana kwamba wamebadilishwa miili. Wakasawazisha, kisha wakatangulia 4-3. Uwanja mzima ukalipuka, nasi tuliokuwa mbali tukalipuka pamoja nao. Sote tulitaka la tano. La tano lilikuja, lakini lilikuwa la Nigeria.

Timu iliyokomaa, ikishatangulia kwa bao moja, hujua kuutuliza mchezo. Hurusha mpira taratibu, humrudishia kipa, humkasirisha mpinzani. Ujuzi huo haupatikani kwa mazoezi ya kambini peke yake. Huja kwa kutangulia na kupokonywa, mara nyingi, mbele ya watu wachache, kwenye uwanja usio na kamera. Ni kweli vijana wale waliandaliwa. Mapema mwaka huo walipelekwa hata Uturuki kucheza mashindano. Sitaki kuidharau kazi ya mwalimu wao, Oscar Mirambo, wala ya waliotafuta fedha za safari. Hata hivyo, safari ni kitu kimoja na ligi ya kila wiki ni kitu kingine. Mtoto aliyechaguliwa, akawekwa kambini na kusafirishwa, amecheza michezo ya kuonekana. Michezo ya kukosea ameicheza mingapi?

Sasa niingie katika habari niliyokuwa naikwepa. Ilitokea tarehe 17, siku ya mchezo na Uganda.

Kwa watu wa huku Uganda si nchi ya mbali. Ng'ambo ya Mto Kagera, ukivuka pale Murongo, tuna mashemeji na wajomba, na mtu wa Kyerwa akifiwa huenda nusu ya waombolezaji wakatoka upande wa pili. Kwa hiyo kufungwa na Uganda ni kufungwa na ndugu, na ndugu huwa na kumbukumbu ndefu. Jioni ile mimi nilikuwa Kayanga, katika kibanda umiza kimojawapo, tumebanana kwenye mabenchi huku mvua ya masika ikipiga bati hata sauti ya mtangazaji isisikike vizuri. Bao la tatu lilipoingia nilisimama, mtu mzima na mvi zangu, nikasema kwa sauti, "Watoto hawa wametuaibisha! Warudishwe shule!"

Kijana mmoja mwendesha bodaboda aliyekaa karibu yangu, koti lake la mvua likichuruzika maji, akageuka. Akasema polepole na kwa heshima, kama alivyokuwa akisema darasani, "Mwalimu, hawa angalau wamepewa nafasi ya kufungwa."

Kisha akaugeukia mchezo. Sidhani kama kuna mwingine aliyesikia. Mimi nilikaa chini.

Kijana yule nilimfundisha. Miaka kama kumi nyuma, wakati Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Karagwe, nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari. Tulikuwa na timu ya kawaida ya watoto wa kawaida, na yeye alikuwa beki wa kulia. Alikuwa na miguu myembamba na moyo mkubwa. Alifanya mazoezi mwaka mzima akitokea nyumbani kwao baada ya kukata majani ya ng'ombe. Tulipofika mchezo wa fainali ya mashindano ya shule za jirani, nilisikia kwamba wapinzani wetu wameleta mamluki. Sikuuliza kama ni kweli. Nilikwenda mjini nikawatafuta vijana wawili waliokwisha kumaliza shule, wenye misuli na ndevu za kunyoa, nikawaleta uwanjani. Kwa kuwa orodha ya majina ilikuwa imekwisha pelekwa, niliwachezesha kwa majina ya wanafunzi wawili. Mmoja wa wanafunzi hao ndiye yule beki wa kulia. Alikaa nje ya mstari, juu ya nyasi, akisikia watu wakilishangilia jina lake, na aliyekuwa akishangiliwa ni mtu mwingine.

Tulishinda 2-0. Kikombe kiliwekwa kabatini ofisini kwa mkuu wa shule, nami nilipewa pongezi mbele ya wazazi. Kijana hakulalamika. Aliacha tu kuja mazoezini, na muhula uliofuata hakurudi shule. Sababu za kuacha shule huwa nyingi katika nyumba za wakulima, na sitajipa ukubwa wa kusema ni mimi tu. Lakini sitajitoa pia.

Tangu jioni ile ya kibanda nimekuwa nikiisoma historia ya timu zetu za vijana kwa jicho lingine. Mwaka 2005 Tanzania iliondolewa katika fainali za vijana za Gambia kwa kosa la kumtumia mchezaji aliyezidi umri. Tulilia kwamba tumeonewa. Fainali za mwaka 2017, zilizochezwa Gabon, tulizipata baada ya Kongo-Brazzaville kuondolewa, kwa kuwa walishindwa kumleta mchezaji wao apimwe umri. Safari hiyo tulisema haki imetendeka. Huko Gabon tulitoka sare na Mali, tukaifunga Angola, tukafungwa na Niger bao moja; tukalingana pointi 4 na Niger, nao wakasonga mbele kwa kuwa walitushinda. Hata hao Guinea waliocheza fainali Dar es Salaam mwaka 2019 walivuliwa nafasi yao ya Brazili kwa sababu ya hati za umri za wachezaji wao, ikaenda Senegal. Uongo wa umri umeenea bara zima, na kila mmoja huuona kwa jirani. Nami nilikuwa na wangu kabatini, uking'aa.

Mtu atauliza, uongo wa umri unahusianaje na vijana wa 2019, ambao hawakushtakiwa kwa lolote? Jibu langu ni kwamba mzizi ni mmoja. Anayemchezesha mtu mzima mahali pa mtoto, na anayemtaka mtoto acheze kama mtu mzima, wote wawili wamekataa kungoja. Wote wanataka kahawa ingali ua.

Njia ya mkato nyingine ni mlango uliofunguliwa na wengine. Wazee wanakumbuka michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Nchi nyingi zilisusia, nasi tukapata nafasi katika mpira wa magongo wa wanaume. India, ambao hatimaye walichukua dhahabu, walitufunga 18-0. Siwalaumu wachezaji wale, walikwenda walikotumwa. Nauliza tu tulijenga nini baada yake. Leo ukitaja mpira wa magongo huku Karagwe, kijana atadhani unasema habari za wazee na mikongojo yao. Mlango ulifunguka, tukaingia, tukatoka, ukafungwa. Uenyeji wa 2019 nao ulikuwa mlango wa namna hiyo.

Basi ni nani aliyewauza Serengeti Boys butura? Ni rahisi kuwataja viongozi wa mpira, nao wana sehemu yao. Lakini magazeti yalikuwa yamekwisha wapeleka Brazili kabla ya mchezo wa kwanza. Mshambuliaji Kelvin John alikuwa amekwisha itwa Mbappe, jina la mtu aliyekwisha chukua Kombe la Dunia, naye ni mtoto wa miaka 15. Nasi wa vibandani tulikuwa tumekwisha gawana furaha ya ushindi kabla haujapatikana. Msimu ulipofika tulikwenda na magunia yetu, tukakuta punje za kijani, tukautukana mti.

Haki inataka niseme kwamba mti haukufa. Kelvin John alisajiliwa na Genk ya Ubelgiji mwaka 2021, akaendelea Denmark katika klabu ya Aalborg mwaka 2024. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mti mmoja si shamba. Katika fainali za Morocco za mwaka 2025 tulipangwa tena kundi moja na Uganda. Sisi tukatoka katika hatua ya makundi, wao wakafika Kombe la Dunia la vijana kule Qatar. Sisemi kwamba ng'ambo ya mto hakuna matatizo. Ila wao wana ligi ya timu za vijana za vilabu vyao vya ligi kuu, ambamo mtoto hufungwa Jumamosi hii na kurudi kujaribu Jumamosi nyingine. Kufungwa kwa namna hiyo ni rahisi, hakumvunji mtu, na hakuoneshwi kwenye televisheni. Mtoto wa Nkwenda au Nyaishozi huchezea shule yake, na akibahatika huitwa katika timu ya wilaya wakati wa UMISSETA, wiki chache katikati ya mwaka. Baada ya hapo hungoja mwaka mwingine. Ligi kuu iliyokuwa karibu naye, hadi mwaka 2025, ilikuwa Kaitaba, Bukoba, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao. Mche wa kahawa tunaupa kivuli, mbolea na miaka mitatu hivi kabla ya kuudai chochote. Mtoto tunampa wiki tatu.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya msimu ule ni hii. Vijana wa 2019 hawakutuaibisha. Walifungwa kwa makosa ambayo walistahili kuwa wameyamaliza zamani, katika viwanja vya kata, mbele ya mbuzi na watoto wa jirani. Sisi hatukuwapa viwanja hivyo wala muda huo, halafu tukawapa uwanja wa taifa na bendera. Aibu, kama ipo, ni ya wenye shamba.

Yule mwendesha bodaboda nilimtafuta siku chache baada ya Pasaka, kwenye kijiwe chake. Nilimwambia nilichokuwa nimekuja kumwambia, na maneno hayo nitayaacha kati yetu. Alisikiliza, akacheka kidogo, akasema, "Yamekwisha, Mwalimu." Kisha akaniuliza kama nataka kupelekwa nyumbani. Nilipofika alikataa nauli, na kukataa kwake kuliniuma kuliko angenitukana.

Siku hizi nimestaafu, lakini Jumamosi jioni huwasimamia watoto wa kijijini kwetu. Tuna sheria mbili. Ya kwanza, hachezi asiye wa rika lao, hata kama wageni wameleta wenye ndevu. Ya pili, kila aliyefanya mazoezi wiki hiyo ataingia uwanjani, hata kama tunaongoza, hata kama tunafungwa. Wazazi wengine hawaipendi sheria ya pili. Mwaka jana timu ya kijiji cha jirani ilikuja na kutufunga 6-1. Kipa wetu, mtoto wa miaka 12, alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Nilimwacha alie. Alipomaliza nilimwambia aende akaoge, na kwamba Jumamosi ijayo atadaka tena.