"Nitakupita" au "Nitakupitia"? Tahadhari kuhusu "pass by"

Mwanafunzi wetu mmoja, akiwa katika mazoezi ya kufundisha Buwenge, alimwandikia mwenzake kwa simu: "Nitakupita saa moja asubuhi twende Jinja." Mwenzake, aliyekulia Mombasa, alielewa kwamba ataachwa njiani. Hakungoja, alipanda gari peke yake. Kosa lilitoka wapi?

Lilitoka katika Kiingereza chetu. Kwa Mwingereza, "pass by" kwanza ni kupita karibu na mahali bila kusimama. Maana ya kuingia mara moja kumjulia mtu hali ni ya mazungumzo, na mara nyingi yeye husema "drop by" au "come by". Nchini Uganda, maana hii ya pili ndiyo tuliyoizoea: ukiambiwa "pass by my office", unatarajiwa kuingia.

Mwanafunzi aliijua maana, ila alitafsiri neno kwa neno. Kiingereza hukiongezea kitenzi kihusishi au kielezi, na maana ikabadilika. Kiswahili, aghalabu, hunyambua. Tazama kitenzi kimoja tu:

- Gari limetupita: limetuacha nyuma.
- Gari la Kamuli hupitia Buwenge: ndiyo njia yake.
- Dereva alipitiliza kituo: hakusimama palipotakiwa.
- Nitakupitia asubuhi: nitakuja kwako tuondoke pamoja.
- Alipitiwa na usingizi: alisinzia bila kukusudia.

Ni kweli kwamba "nitapita kwako jioni" husemwa na wenyeji, na hueleweka kwa sababu "kwako" hutaja mahali pa kufikia. Lakini mtu anapokuwa yambwa, kauli ya kutendea haina badala. Kukupita ni kukuacha.

Lawama yangu haimwendei mwanafunzi huyu. Inatuendea sisi tunaofundisha mnyambuliko kama jedwali la kukariri kwa ajili ya mtihani: pita, pitia, pitisha, pitishwa, bila kuuliza nani anakwenda wapi na nani anamngoja. Mtaala wa sekondari ulioanza kutumika mwaka 2020 uliweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika vidato viwili vya kwanza. Kwa hiyo kosa la mwalimu mmoja leo ni la darasa zima kesho.

Walimu wenzangu, tuanze na sentensi na mazingira yake; jedwali lifuate. Vinginevyo wanafunzi wetu watafaulu mnyambuliko na bado waachane njiani.