Kumbukumbu na Nakala katika Hati za Kununulia Seva

Ofisi ndogo inapotaka kununua seva ya kuendeshea kanzidata yake, anayeishughulikia hati ya mahitaji aghalabu si fundi bali ni afisa ugavi, na wa mwisho kuishika ni mtunza ghala anayepokea vifaa na kuvilinganisha na karatasi. Hao wawili hawana cha kutegemea ila maneno. Ndiyo sababu tunaonelea kuwa hati za namna hii zastahili kupimwa na wanaistilahi kama zinavyopimwa na mafundi.

Hati moja iliyotufikia, iliyotafsiriwa kwa ajili ya ofisi yenye watumishi 12, yadai seva iwe na "kumbukumbu ya gigabaiti 500". Mtafsiri alikusudia diski. Kifungu kifuatacho chadai "kumbukumbu ya gigabaiti 16", na hapo alikusudia ile sehemu ambamo kompyuta hufanyia kazi yake, na ambayo husahau kila kitu umeme ukatikapo. Neno moja limebebeshwa vitu viwili vilivyo kinyume. Tena kwa karani wa masjala kumbukumbu ni majalada yenyewe! Wauzaji wa vifaa hivi mjini hawapati taabu hii. Wao husema ramu na diski, basi. Hatuoni aibu kuwafuata.

Kosa hilo lasumbua tu. La pili ni la hatari. Hati yataka "diski 2 kwa ajili ya nakala rudufu". Kinachoelezwa hasa ni mpangilio ambao kila kinachoandikwa katika diski ya kwanza huandikwa papo hapo katika ya pili, ili moja ikiharibika kazi isisimame. Mpangilio huo na mingine ya jamii yake ilichambuliwa na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika makala yao ya mwaka 1988, na shabaha yake ni kustahimili kufa kwa diski. Sasa tuseme karani amefuta kwa bahati mbaya jedwali zima la malipo. Diski ya kwanza yatii, na ya pili yatii vilevile, wakati uleule. Mwizi naye akiibeba seva huenda na zote mbili. Nakala haipo. Lakini mtunza ghala aliyesoma "nakala rudufu" akahesabu diski 2 ametia sahihi kwa haki kabisa, na hapana atakayefikiri kununua diski ya tatu ya kuwekwa nje ya jengo.

Wako watakaosema kwamba rudufu ni kufanya kitu kiwe mara mbili, hivyo mtafsiri hakukosea. Kwa kamusi, hakukosea. Ila katika ofisi zetu nakala ya barua haifutiki kwa kuwa barua yenyewe imefutwa. Hiyo ndiyo faida yake, na ndiyo maana aliyonayo msomaji kichwani. Twapendekeza "diski pacha" kwa mpangilio ule, na "nakala ya akiba" kwa nakala iliyo nakala kweli.

Kuhusu "kasi" tutasema machache. Hati yaipima kwa gigahezi za prosesa peke yake. Kanzidata iliyo makini haithibitishi malipo mpaka maandishi yake yafike diskini, na diski ya sahani izungukayo mara 7,200 kwa dakika huchukua milisekunde 8 na ushei kwa mzunguko mmoja. Kwa wastani nusu ya muda huo ni kungoja tu. Kasi iliyopasa kutajwa ni ya diski.

Twamsifu mtafsiri kwa kuchagua kanzidata badala ya hifadhidata, maana "hifadhi ya hifadhidata" ingetushinda hata kuitamka.

Limebaki neno la ile ramu yenye uwezo wa kugundua na kusahihisha kosa la biti moja. Hati yaiita "kumbukumbu sahihi", kana kwamba nyingine zote ni za uongo. Sisi tulijaribu "ramu jisahihishi" tukaiona nzito mdomoni. Walimu wenye neno jepesi zaidi watuletee kabla ya toleo lijalo.